Kutoka Houston hadi Dallas: Njia ya Marais na Bata Mzinga

Tangu turudi nyumbani, ndugu kwenye kundi la familia hawaachi kuuliza tulikuwa tunatafuta nini barabarani wiki nzima ya Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving, siku ambayo familia za Marekani hula bata mzinga pamoja), wakati watu wenye akili zao wako jikoni. Tulikuwa tunafuata picha. Nimeyapanga haya kutoka kwenye daftari langu, risiti za mafuta na picha za simu, kwa hiyo tarehe ni za uhakika hata kama mwandiko wa Mjomba haukusomeka vizuri.

Jimbo la Texas lina maktaba tatu za marais: ya Bush mkubwa iko College Station, ya Lyndon Johnson iko Austin, na ya Bush mtoto iko Dallas. Wote watatu, wakiwa na vita mkononi, walipanda ndege msimu wa sikukuu wakaenda kusalimia askari wao mbele ya kamera. Johnson alikuwa Cam Ranh Bay, Vietnam, tarehe 23 Desemba 1967. Bush mkubwa alikula mlo wa Shukrani jangwani Saudia tarehe 22 Novemba 1990. Mwanawe alitua Baghdad tarehe 27 Novemba 2003, na picha yake akiwa ameshika sinia la bata mzinga ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Ukiwa na gari unawapitia wote bila kutoka nje ya jimbo.

Mwenzangu njiani alikuwa Mjomba, mgeni wetu kutoka Tanga. Mjomba alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, jeshi la Tanzania, akapigana Kagera katika vita dhidi ya Idi Amin na kuvuka mpaka hadi Uganda mwaka 1979. Makumbusho hayapendi. Alikubali kupanda gari nilipomwambia kuna nyama ya kuchoma njia nzima.

Jumatatu, 25 Novemba 2024. Houston hadi College Station

Tulitoka saa tatu asubuhi tukidhani foleni imekwisha. Barabara ya 290 haijui saa tatu wala saa nne. Kabla ya kushika njia nilimpitisha Mjomba katikati ya mji nikamwonyesha jengo la KBR, kampuni ambayo wakati wa vita vya Iraq ilikuwa na mkataba wa kuwapikia na kuwafulia wanajeshi wa Marekani. Mjomba alishangaa: "Yaani jeshi linapikiwa na kampuni?" Nikamwambia si kupikiwa tu, hata mageti ya kambi nyingi yalilindwa na Waganda waliokwenda kwa maelfu kutafuta dola. Akanyamaza kidogo, halafu akasema hao Waganda labda wengine ni watoto wa watu aliowakuta mwaka 1979.

College Station ni mji wa chuo, Texas A&M, na wiki ile wanafunzi walikuwa wanaondoka. Vyumba vilikuwa rahisi, tukapata moteli ya dola 68. Nje ya maktaba kuna sanamu ya farasi wa shaba wakiruka mabaki ya Ukuta wa Berlin, na nyuma, mwendo mfupi kwa mguu, ndipo alipozikwa Bush mwenyewe na mkewe Barbara, pamoja na binti yao aliyefariki mdogo.

Tulikaa sana upande wa Vita vya Ghuba, vile vya kuitoa Iraq Kuwait. Ziara ya 1990 haieleweki bila kalenda. Tarehe 8 Novemba Bush alitangaza kupeleka askari wengine wengi Saudia, idadi ikakaribia mara mbili. Wabunge wakaanza kuguna. Wiki mbili baadaye yuko mchangani na mkewe, amewachukua na viongozi wa Bunge wa vyama vyote viwili, wanakula na vijana. Wiki moja baada ya hapo, tarehe 29 Novemba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio lililofungua mlango wa vita. Kwa hiyo yule bata mzinga alikuwa katikati ya hoja. Mbunge aliyekula meza moja na kijana wa miaka 19 huko jangwani atapata taabu kusimama Washington na kusema kijana huyo asingepelekwa. Na ibada ya Shukrani ilifanyika melini, kwenye USS Nassau huko Ghuba, kwa sababu wenyeji Wasaudia wasingefurahia ibada ya Kikristo kwenye ardhi yao. Kila kitu kilikuwa kimepimwa.

Mjomba aliangalia picha za askari wamemzunguka rais, wanacheka, wananyoosha mikono. Akauliza swali ambalo alilirudia safari nzima mpaka nikalizoea: "Hapa nani yuko lindo?"

Kwa atakayepita: maktaba zote tatu hufungwa siku yenyewe ya Shukrani, siku ya Krismasi na Mwaka Mpya, na serikali ikikwama kwa bajeti nazo huweza kufungwa. Kiingilio hakikuzidi dola 30 kwa mtu popote, na wazee wana punguzo, ila uombe mwenyewe. Mjomba alinyimwa punguzo kwa sababu alikataa kusema umri wake.

Jumanne, 26 Novemba. College Station hadi Austin

Barabara ya 21 ni nzuri: mashamba, ng'ombe, makanisa, na mabango ya uchaguzi ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyang'oa. Tulisimama Caldwell kula kolache, mikate laini ya Wacheki waliohamia huko zamani, inajazwa matunda au jibini. Ile ya soseji uliza kwanza, mara nyingi ni nguruwe. Mama wa dukani alipoona tunaulizana kwa lugha asiyoijua, akazipanga kolache zote kwenye kaunta, mstari mmoja wa nguruwe na mwingine usio na nguruwe, akatuongezea mbili za aprikoti bure. Tulilipa dola 11 na senti, kahawa ikiwemo.

Austin maegesho ya maktaba ya Johnson hayakuwa na malipo, jambo la ajabu katika mji ule. Jengo ni jiwe jeupe la ghorofa kumi, halina madirisha ya maana, na ndani unasimama chini ukitazama juu ghorofa kadhaa za makasha mekundu ya nyaraka nyuma ya vioo. Mjomba aliyapenda makasha kuliko kitu kingine. Alisema serikali inayotunza karatasi namna hii haiwezi kusema faili limepotea.

Kuna mikonga ya simu ukutani. Unainua, unamsikia Johnson mwenyewe akizungumza, kwa sababu alikuwa anarekodi simu zake. Anabembeleza, anatisha, anatania, anasikitika. Baada ya dakika kumi za sauti ile, picha za Cam Ranh Bay zinabadilika. Mtu anayetembea katikati ya askari ameinua kidevu ndiye yule yule anayesikika akihangaika na vita asiyojua ataitokaje.

Safari yake ya Desemba 1967 ilikuwa ya kuzunguka dunia. Alikwenda Australia kwenye ibada ya kumkumbuka waziri mkuu Harold Holt, akapita Korat nchini Thailand kusalimia marubani, akashuka Cam Ranh Bay tarehe 23, akagawa nishani, akaingia hospitali ya majeruhi, kisha akapaa hadi Vatican kuonana na Papa Paulo VI, na mkesha wa Krismasi yuko kwake. Wakati huo Marekani ilikuwa na karibu nusu milioni ya askari Vietnam. Aliwaambia waliokusanyika kwamba adui hajashindwa bado, ila anajua amekutana na mbabe wake. Wiki tano baadaye yakaja mashambulizi ya Tet, miji ya Vietnam Kusini ikashambuliwa kwa mpigo, na mwisho wa Machi 1968 Johnson akatangaza hagombei tena.

Hapo Mjomba akaketi kwenye benchi akanihadithia kitu ambacho sijawahi kukisikia nyumbani. Idi ya kuchinja ya 1978 ilimkuta ndani ya lori, njia ya kwenda Kagera, na mlo ulikuwa ugali wa jana na dagaa. Wiki kadhaa baadaye mkubwa mmoja alikuja kambini na mpiga picha. "Buti mpya zilikuwapo jozi nne. Wakachagua wanne wenye miguu ya saizi hiyo, wakakaa mstari wa mbele. Sisi wa nyuma tukaambiwa tusimame wima tu, miguu haitaonekana." Nikamuuliza kama waliudhika. "Tuudhike nini? Tulicheka siku mbili. Na yule mkubwa alituletea sigara, usisahau hilo. Sigara zilikuwa za kweli."

Vyumba vya Austin havishikiki. Tulilala Round Rock, dola 74. Nyama ya brisket, yaani kidari cha ng'ombe, ilikula dola 40 kwa watu wawili, na Mjomba alisema ni laini lakini haina ndimu.

Jumatano, 27 Novemba. Round Rock, Killeen, Crawford, Waco

Siku ndefu. Kwenye barabara ya 195, kabla ya Killeen, tairi la nyuma lilichanika. Tairi la akiba lilikuwepo, ila halikuwa na upepo. Magari mengi yalipita, kisha mzee mmoja wa Kizungu mwenye pikapu akasimama, akatoa pampu ya umeme, akapiga magoti kwenye changarawe bila kuuliza tumetoka wapi. Alipomaliza ndipo akamwona Mjomba amesimama mikono nyuma, kifua mbele. "Umewahi kuwa jeshini, sivyo?" Nikatafsiri. Wakapeana mikono, wakaanza kuelezana kwa vidole na milio ya mdomo nani alibeba silaha gani. Hela alikataa. Alituachia mfuko wa karanga za pekani za mti wa kwake.

Kwa atakayepita: kagua upepo wa tairi la akiba kabla ya kutoka. Tairi la mtumba Killeen lilitugharimu dola 60 na kufungwa.

Killeen ni mji wa geti la kambi. Wakati ule vibao vilisema Fort Cavazos. Jina la zamani lilikuwa Fort Hood, na mwaka 2025 limerudi Fort Hood, safari hii kwa heshima ya Hood mwingine wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani huingii bila kibali kutoka kituo cha wageni, na sisi hatukuomba. Tulikuwa na mwaliko wa chakula cha mchana kwa dada mmoja Mkenya niliyefanya naye kazi Houston, ambaye mumewe ni sajenti wa jeshi la Marekani. Wakenya kwenye jeshi hilo si wachache, na uraia kupitia utumishi ni njia inayojulikana.

Sajenti alimpokea Mjomba kwa heshima zote. "Karibu mzee, keti hapa karibu na hita." Chapati, ndengu, kuku. Nilipomweleza tunakokwenda akacheka. "Ile ya Bush na turkey? Watu husema ilikuwa ya plastiki. Haikuwa plastiki, dada. Ilikuwa ya meza."

Akatueleza. Jeshini, wapishi wa mesi huchukulia Shukrani kama mashindano. Kunachongwa barafu, matunda hupangwa kama maua, na lazima awepo bata mzinga mmoja mzima, kachomwa akawa rangi ya asali, kapambwa kwa zabibu na majani, anakaa mwanzo wa foleni ya chakula aonekane. Huyo haliwi. Nyama ya kuliwa inatoka kwenye matrei ya moto, imeshakatwa. Na maofisa, wamevaa sare za heshima, ndio huwapakulia wadogo wao siku hiyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Baghdad: bata wa mapambo alikuwa tayari mezani, rais akamwinua, kamera zikalia, halafu akaenda kupakua chakula halisi kwenye trei. Gazeti la Washington Post liliandika habari ya sinia lile siku chache baadaye, Desemba 2003, na tangu hapo neno "bandia" likalishika. Ikulu ilisema hakuna aliyepanga alishike.

"Wageni wakubwa wakija," sajenti akasema, "unaambiwa uwe umekaa saa mbili kabla. Kuna orodha. Unakaa njaa ukiangalia mlango. Lakini mzee, nikuambie ukweli, mtu akiingia kweli, moyo unaruka. Hiyo si ya kuigiza."

Mjomba akauliza swali lake. Sajenti akaelewa mara moja. "Lindo? Wako wengi. Hao hupelekewa chakula kwa masanduku. Mimi nilikuwa huko mara nyingi kuliko mezani."

Tulitoka jioni inakaribia, tukapita Gatesville na McGregor hadi Crawford. Kijiji hakifiki watu elfu moja. Ranchi ya Bush iko nje yake na haitembelewi, kwa hiyo usijisumbue kwenda kupiga picha ya geti. Tulinunua kahawa kituo cha mafuta tukasimama upepo wa kaskazini ukitupiga, nikamsomea Mjomba habari za jioni ya Jumatano kama ile, mwaka 2003. Waandishi walikuwa wameambiwa rais anakula Shukrani hapo ranchini na familia. Badala yake yeye na Condoleezza Rice, mshauri wake wa usalama, walivaa kofia za besiboli, wakapanda gari lisilo na alama, bila msafara, na kwa maneno yake mwenyewe walionekana kama mtu na mkewe wa kawaida. Hata foleni ya sikukuu iliwashika. Waandishi wachache waliochukuliwa walinyang'anywa simu.

Hofu ile haikuwa ya maigizo. Tarehe 22 Novemba, siku tano kabla, ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa kombora ikipaa kutoka uwanja ule ule wa Baghdad, na marubani waliirudisha chini bawa likiwaka. Ndege ya rais ilitua gizani, taa zimezimwa. Mwezi ule ulikuwa mbaya kuliko yote hadi wakati huo kwa vifo vya askari wa Marekani nchini Iraq, na Mei tu rais huyo huyo alikuwa amesimama juu ya manowari Abraham Lincoln chini ya bango la kazi imekamilika. Picha ya Mei ilikuwa imeoza. Ilihitajika nyingine.

Tulilala Waco, dola 81, hita mbovu. Nilipolalamika mapokezi, kijana wa zamu akanipa blanketi lake mwenyewe.

Alhamisi, 28 Novemba. Waco hadi Dallas, siku ya Shukrani

Kila kitu kimefungwa. Nunua maji, mkate na mafuta Jumatano usiku. Sisi tulikula pekani za yule mzee mpaka saa sita.

Asubuhi tulipita uwanja wa ndege wa chuo cha TSTC, kaskazini mwa Waco, uliokuwa kambi ya jeshi la anga zamani na una njia ndefu ya kurukia. Hapo ndipo Bush alipopandia. Ndege ilikwenda kwanza kambi ya Andrews karibu na Washington, wakahamia ndege nyingine ndani ya hanga, wakaelekea Iraq. Ikulu ilisimulia kwa madaha kwamba njiani rubani wa British Airways aliuliza kwenye redio kama ameiona ndege ya rais, akajibiwa ni Gulfstream, ndege ndogo ya kibinafsi. British Airways ikasema rubani wao hakuna aliyeuliza hivyo. Ikulu ikabadilisha simulizi. Mimi hadithi hii hunikera zaidi ya bata. Safari ilikuwa na hatari ya kutosha. Ilikuwa haja gani kuitia chumvi?

Pembeni mwa Dallas tulipata kituo cha mafuta kimoja kilicho wazi. Nilikuwa nabishana na Mjomba kuhusu kujaza tangi lote au nusu, galoni ilikuwa dola mbili na senti sitini na kitu, mama mmoja akageuka kwenye pampu ya pili. "Muko batu ya wapi?" Mkongo, kutoka Kivu. Alipojua hatuna pa kula alikataa kusikia mengine. Tulifuata gari lake hadi kwenye fleti ya ghorofa ya pili, watu zaidi ya ishirini, viatu vimejaa mlangoni.

Bata mzinga wao alikuwa amekatwakatwa vipande na kupikwa mchuzi wa nyanya na pilipili, na pembeni yake bugali, sombe (kisamvu) na ndizi za kukaanga. Mzima mmoja alikuwa amechomwa pia, kwa ajili ya watoto waliotaka awe kama wa shuleni. Sahani zilipakuliwa, mchuzi unatoa moshi, Mjomba amekwisha nawa, ndipo binti wa nyumba akasimama juu ya kiti na simu: hakuna kula kabla ya picha. Tukasogezwa. Mrefu nyuma, mfupi mbele, babu katikati, yule bata mzima asogezwe kwa babu, hapana, ainuliwe kidogo. Mjomba ndiye alikabidhiwa sinia, kwa kuwa ni mgeni. Akaliinua. Mafuta yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na alikaa hivyo huku akitabasamu mpaka picha ya kumi na kitu, bugali ukipoa.

Nilicheka kwa sababu nilimkumbuka Trump, Shukrani ya 2019, siku kama hii tarehe 28 Novemba, alipotokea usiku kambini Bagram, Afghanistan, baada ya safari ya siri namna ile ile. Alisimulia mwenyewe baadaye pale pale: alikuwa na kipande kizuri cha bata mzinga mbele yake, akaonja viazi vya kupondwa, na kabla hajafika kwenye nyama Jenerali Milley, mkuu wa majeshi, akamwita waende kupiga picha. Hakumla. Chini ya miaka miwili baadaye Wamarekani waliondoka Bagram, Agosti 2021 Taliban wakaingia Kabul.

Tulilazwa hapo hapo, Mjomba sofani, mimi na wasichana. Pesa ya shukrani waliikataa. Tuliacha kolache za aprikoti zilizobaki.

Ijumaa, 29 Novemba. Dallas na kurudi

Maktaba ya Bush mtoto iko ndani ya chuo cha SMU, maegesho ni ya kulipia. Fika mlango unapofunguliwa. Ndani kuna vyuma vilivyopindika vya majengo ya New York yaliyoangushwa Septemba 11, 2001, kipaza sauti alichotumia juu ya kifusi, na ukumbi ambapo unapewa dakika chache kuamua wewe kama rais, Iraq ikiwemo, halafu unaambiwa yeye aliamua nini. Bush mwenyewe alipostaafu alianza kuchora, na amechora kwa mkono wake sura za askari waliojeruhiwa katika vita alivyowatuma. Nimeziona baadhi kwenye picha na sijui mtu mwingine yeyote wa cheo kile aliyekaa saa zote hizo kutazama nyuso hizo. Hilo nalihesabu upande wake.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Baghdad alikaa kama saa mbili na nusu. Bwaloni, lililoitwa kwa jina la mchekeshaji Bob Hope, walikuwa askari wapatao 600 kati ya takriban 130,000 waliokuwa Iraq. Walikuwa wameambiwa wageni ni Paul Bremer, mtawala wa Kimarekani nchini Iraq, na Jenerali Sanchez, kamanda wa majeshi huko. Bremer akauliza kama kuna mkubwa kuliko wao wa kusoma salamu, pazia likafunguka, na kelele zilizotoka hazikufundishwa na mtu. Rais akatania kwamba alikuwa anatafuta tu mahali pa kupata chakula cha moto. Kuna machozi kwenye picha zile, yake na ya wengine. Ile ya sinia ilipigwa na Anja Niedringhaus wa shirika la habari la AP, Mjerumani, ambaye aliuawa kwa risasi Afghanistan mwaka 2014 akiwa kazini. Na tusimwonee Bush peke yake: Shukrani hiyo hiyo seneta Hillary Clinton alikuwa Afghanistan na askari, kesho yake yuko Baghdad.

Kwa hiyo bandia ilikuwa wapi? Bata alikuwa nyama, hofu ilikuwa hofu, vifijo vilikuwa vifijo. Mjomba alilijibu bila kuulizwa, amesimama mikono nyuma mbele ya picha moja ya askari wanaoshangilia. "Wote wamekaa. Wote wana sahani. Vita gani hii kila mtu amekaa?"

Kivutio cha mwisho ni ofisi ya rais iliyojengwa upya, ile ya Ikulu yenye umbo la yai, ukubwa kamili. Unapanga foleni, unakaa kwenye kiti nyuma ya meza, unapigwa picha. Nakala zao zinauzwa. Nilidhani Mjomba atakataa. Alirekebisha kola, akaketi, akaweka kiganja kimoja juu ya meza na kunitazama kama mtu anayesubiri nimletee faili. Mhudumu alimwambia amefanana kabisa. Mama mmoja nyuma yetu kwenye foleni akampigia makofi.

Barabara ya 45 kurudi Houston haina cha kusimulia zaidi ya foleni karibu na Corsicana. Gharama yote kwa watu wawili, mafuta, moteli, viingilio, tairi na nyama, haikufika dola 600, na ingekuwa zaidi kama wale wa Dallas wangetuacha tuende hotelini.

Picha ya ofisini Mjomba aliituma kundi la familia kabla hatujafika Houston, bila maelezo. Shangazi mmoja akaandika mashallah. Binamu akauliza alipewaje miadi. Watu wa mtaani Tanga wameanza kumpigia simu kumwomba awafikishie habari zao za viza, naye anawaambia atazishughulikia akirudi.